Deni la Mafunzo: Nani Alimfundisha Mtangazaji wa Tanzania?

Kila mwaka, msimu wa mahafali unapokwisha, lawama mbili husikika katika sekta ya habari nchini. Wamiliki na mameneja wa vituo vya redio na televisheni hulalamika kwamba vyuo vinawaletea wahitimu wenye shahada nzuri lakini wasioweza kusawazisha sauti, kupanga taa, wala kuandaa kipindi cha nusu saa kikaisha kwa wakati. Wahitimu nao hulalamika kwamba vituo vinadai uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia, na kwamba mlango wa kuupata uzoefu huo umefungwa kwa ndani.

Lawama zote mbili zina ukweli. Hata hivyo, zote zinakosa historia, na kwa kukosa historia zinatupeleka kwenye tiba isiyotosha: badilisheni mitaala. Mimi ni mmoja wa walimu wanaoitwa kwenye vikao vya kubadilisha mitaala. Nimekaa katika vikao vya kutosha kujua kwamba mtaala unaweza kuandikwa upya mara tatu bila mhitimu mmoja kuwa fundi zaidi ya yule aliyemtangulia. Swali la msingi halianzii kwenye mtaala. Linaanzia hapa: katika nchi hii, tangu redio ilipoanza kusikika, ni nani hasa aliyebeba gharama ya kumfundisha mtangazaji, mpiga picha, fundi mitambo na mtayarishaji wa vipindi? Tukilijibu swali hilo kwa uaminifu, tutaona kwamba tunalipa deni lililolimbikizwa kwa takriban miaka thelathini.

Kituo kilipokuwa shule

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Kilikuwa kituo kidogo cha serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 kikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa muundo ulioigwa kutoka BBC. Mwaka 1965 serikali ya nchi huru ililivunja shirika hilo na kuuweka utangazaji chini ya wizara, na hapo ndipo ilipozaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD.

Pamoja na muundo wa BBC ilikuja pia dhana ya mafunzo. BBC ilikuwa imefungua shule ya kuwafundisha watumishi wake mwaka 1936. Dhana yenyewe ilikuwa nyepesi: kazi ya utangazaji hufundishwa na kituo cha utangazaji, kwa mitambo yake, kwa muda wake na kwa fedha zake. Mtu huajiriwa kwanza, kisha hufundishwa.

RTD iliirithi dhana hiyo. Kijana aliyeajiriwa hakutegemewa kujua chochote zaidi ya Kiswahili fasaha, Kiingereza cha kutosha na masikio mazuri. Alijifunza kukata mkanda wa sauti kwa wembe na kuuunga tena pasipo msikilizaji kugundua mahali pa kiungo. Alijifunza kukaa mbali au karibu na maikrofoni kwa kipimo, kusoma saa ya studio kwa jicho moja na taarifa ya habari kwa jingine. Fundi mitambo naye alijifunza kurekodi bendi nzima ya muziki wa dansi kwa maikrofoni chache, na kanda hizo ndizo leo hazina ya muziki wa taifa. Waliofanya vizuri walipelekwa nje kuongeza ujuzi. Deutsche Welle ilikuwa imeanzisha kituo chake cha mafunzo mwaka 1965, na Redio ya Uholanzi ikaanzisha cha kwake pale Hilversum mwaka 1968. Vyote viwili vilipokea watumishi wa redio za Afrika kwa miaka mingi.

Sina nia ya kuipamba RTD. Ilikuwa sauti ya serikali na ya chama kimoja, na mtumishi wake alijua mipaka ya anachoweza kusema. Lakini katika jambo hili moja mfumo ulikuwa na mantiki iliyotimia. Aliyehitaji ujuzi ndiye aliyeugharimia. Anayefundishwa alikuwa tayari na mshahara. Na kwa kuwa hapakuwa na mwajiri mwingine wa redio, ujuzi uliogharimiwa haukukimbia.

Somo la Mtu ni Afya

Kuna mfano mmoja ambao huwa nauweka mbele ya wanafunzi wangu, kwa sababu unaonyesha kwamba ujuzi wa utayarishaji si suala la mitambo peke yake. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ikiratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini kusikiliza vipindi vya redio, kusoma vijitabu vilivyotayarishwa kwa ajili hiyo na kujadiliana kuhusu malaria, maji safi na vyoo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla vipindi havijaanza kurushwa.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, ni ujuzi gani uliohitajika hapo. Mtayarishaji alipaswa kujua muda ambao mkulima amerudi kutoka shambani. Alipaswa kujua kwamba kikundi kitakuwa na redio moja, kwa hiyo sauti iwe wazi na sentensi ziwe fupi. Kipindi kilipaswa kwenda sambamba na kijitabu, na kijitabu kiendane na uwezo wa mtu aliyejifunza kusoma juzi. Huo ni utafiti wa hadhira, ni uandishi, ni usimamizi wa ratiba, ni ushirikiano kati ya studio na taasisi ya elimu. Hakuna kitufe cha mtambo kinachofundisha mambo hayo.

Naukumbusha mfano huu kwa sababu leo tunaposema “mahitaji ya tasnia” tunazungumza kana kwamba tasnia ina mahitaji yaliyoshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1973 mahitaji yalitajwa na sera ya taifa, na watayarishaji wakafundishwa kuyatimiza. Siku nyingine yatatajwa na mtangaza biashara, na siku nyingine na idadi ya watazamaji wa mtandaoni. Kila zama huwa na mtu anayeyataja mahitaji hayo, na ni haki yetu kuuliza ni nani.

Vyuo vilivyozaliwa pembeni ya studio

Mafunzo ya uandishi wa habari yenyewe yalikuwa na njia yake. Kituo cha mafunzo ya kijamii cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, kilikuja kuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kufundisha taaluma hiyo. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1975. Vyuo hivi vilifanya kazi kubwa na ya kuheshimika, lakini mhimili wake ulikuwa kalamu. Uandishi wa habari maana yake ya kwanza ilikuwa kuandika. Redio ilifundishwa kama tawi, na televisheni haikuwapo kabisa Tanzania Bara.

Linganisha na jirani zetu. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, ilianza mwaka 1961 kama shule ya kuwafundisha mafundi wasaidizi wa mitambo wa Sauti ya Kenya. Kwa maneno mengine, wenzetu walianza na mtambo, kisha wakaelekea kwenye kalamu. Sisi tulianza na kalamu, na mtambo tukauachia kituo. Tofauti hiyo ya chimbuko inaonekana hadi leo katika vyuo vya nchi hizi mbili: nani mwenye maabara, na nani mwenye maktaba.

Kwa upande wa picha jongevu, Zanzibar ilitangulia. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongoni mwa vituo vya kwanza vya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Bara, serikali iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi iliyokuwa bado inapambana na ujinga, maradhi na umaskini. Kulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania tangu 1968, na katika miaka ya 1970 ikaanzishwa Taasisi ya Picha na Sauti kwa msaada wa Denmark. Taasisi hizo zilifundisha wapiga picha na wahariri wa filamu, lakini kwa idadi ndogo. Mtu anaweza kuutetea uamuzi huo wa kuikataa televisheni, na mimi naielewa hoja yake. Matokeo yake kwa mafunzo, hata hivyo, yalikuwa dhahiri: Bara ilipofungua mlango wa televisheni, haikuwa na kizazi cha watu walioijua kazi hiyo.

1994: buyu la asali

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilivunja ukiritimba wa serikali. Mwaka 1994 ITV na Radio One zikaanza kusikika na kuonekana, na televisheni nyingine binafsi za Dar es Salaam zikafuata. Ilikuwa hatua kubwa ya uhuru wa habari, na sitaki msomaji aione hoja yangu kuwa ni majuto juu ya hatua hiyo.

Lakini jiulize watumishi wa vituo hivyo vipya walitoka wapi. Sauti nyingi za mwanzo za redio binafsi zilikuwa sauti ambazo wasikilizaji walikwisha kuzizoea RTD. Julius Nyaisanga na Charles Hilary, kuwataja wawili tu ambao nchi nzima iliwajua, walihama RTD wakaenda Radio One. Hawakufanya kosa lolote. Mfanyakazi huenda panapomlipa vizuri. Pamoja nao walihama mafundi na watayarishaji ambao majina yao msikilizaji hakuwahi kuyasikia. Kila mmoja wao alibeba miaka ya mafunzo iliyolipwa na mlipa kodi.

Huo ulikuwa ni ruzuku ya umma kwa sekta binafsi, ingawa hakuna kitabu cha bajeti kilichouandika hivyo. Ruzuku si dhambi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepanga namna ya kuirejesha. Vituo vipya vilichukua mafundi bila kuchukua wajibu wa kuwazalisha wengine. RTD, kwa upande wake, ikiwa na bajeti inayobana na watumishi wanaoondoka, haikuwa tena na sababu ya kuwa shule ya washindani wake. Chovya-chovya humaliza buyu la asali. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliofundishwa kwa utaratibu wa zamani walikuwa wanazeeka, na nyuma yao hapakuwa na foleni.

Wakati huohuo vituo viliongezeka. Leo nchi ina zaidi ya vituo 200 vya redio na televisheni nyingi. Hakuna sekta inayoweza kukua kwa kasi hiyo kwa kugawana mafundi wa kituo kimoja.

Chuo kikuu kilipopewa mzigo

Pengo hilo likaachiwa elimu ya juu. Mwaka 2003 TSJ iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa taasisi yake ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Vyuo vikuu vingine, vya umma na vya binafsi, vikafungua shahada za mawasiliano ya umma. Wazazi walifurahi, kwa sababu shahada ina heshima. Wachache walitambua kwamba kazi iliyokuwa ikifundishwa kwa mkono, ana kwa ana, sasa imehamishiwa kwenye chombo kilichojengwa kwa ajili ya mhadhara, mtihani na tasnifu.

Chukua suala la walimu. Muundo wa utumishi wa vyuo vikuu vya umma unamtaka mhadhiri msaidizi wa ngazi ya chini awe na ufaulu wa GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza. Kigezo hicho kina maana katika falsafa au uchumi. Lakini mtu aliyeongoza matangazo ya mbashara kwa miaka ishirini akiwa na stashahada, mtu anayeweza kukwambia kwa kusikiliza tu kwamba waya wa maikrofoni ya pili umelegea, hawezi kuajiriwa kufundisha kazi anayoijua kuliko sisi sote. Tunamwalika mara moja kwa muhula, tunampa chai na nauli, anazungumza kwa saa mbili, anaondoka. Kijana mwenye GPA ya 4.2, ambaye hajawahi kukaa katika chumba cha kuongozea matangazo hata siku moja, ndiye anayebaki na darasa. India iliona tatizo kama hili katika taaluma mbalimbali, na mwaka 2022 ikatoa mwongozo unaoruhusu vyuo vikuu kuwaajiri kama maprofesa watu wenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka 15, bila kudai shahada ya uzamivu. Hatulazimiki kuiga, lakini tunalazimika kufikiri.

Chukua pia mitambo. Darasa la shahada linalipiwa ada sawa na darasa la kozi isiyohitaji chochote zaidi ya ubao na viti, hali mwanafunzi wa utayarishaji anahitaji kamera, taa, vinasa sauti, kompyuta zenye nguvu na mtu wa kuvitengeneza vinapoharibika. Udahili huongezeka haraka kuliko vifaa. Matokeo yake, wanafunzi kumi huizunguka kamera moja. Mmoja anaishika, wawili wanaona, saba wanasubiri zamu ambayo kengele huiwahi.

Dijitali, mpira na ujuzi uliobadilika

Tukiwa bado tunalipa deni la kwanza, la pili likaingia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na Tanzania ikawa ya kwanza Afrika Mashariki kuanza kuhama kwenda dijitali. Mjadala wa umma ulikuwa juu ya ving'amuzi na bei zake, na ulistahili kuwapo. Mafunzo hayakujadiliwa kwa uzito uleule. Masafa yalitosha chaneli nyingi zaidi, na kila chaneli ilihitaji kujazwa saa zote. Ilipokosa watayarishaji, ilijazwa kwa tamthilia zilizotafsiriwa, kwa video za muziki, na kwa watu wanne wanaozungumza mezani.

Kisha ukaja mpira. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Shabiki wa Simba au Yanga anayetazama nyumbani humwona mchezaji na humsikia mtangazaji. Hawaoni wapiga picha waliopangwa kila upande wa uwanja, mtu wa kurudia matukio ambaye ana sekunde chache za kulipata goli na kulirejesha, mchanganya sauti anayepunguza kelele za jukwaa bila kuliua, wa maandishi na takwimu, fundi wa kurusha mawimbi kwenda kwenye setilaiti, na mwongozaji aliyekaa ndani ya gari la matangazo akiamua kwa kila pumzi picha ipi iende hewani. Hizo ni kazi, na ni kazi zenye mshahara. Tazama orodha ya kozi za shahada nyingi za mawasiliano nchini, kisha uhesabu ni ngapi kati ya kazi hizo zina hata somo moja lenye mtihani wa vitendo.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Viwanja vinajengwa, barabara zinapanuliwa. Ni halali kuuliza ni vijana wangapi wa nchi hizi watakaokuwa nyuma ya kamera, na wangapi watabeba nyaya za wageni.

Uzoefu unaolipiwa na mwanafunzi

Jibu letu la kawaida kwa pengo la vitendo ni mafunzo kazini ya wiki nane, ambayo wanafunzi huyaita “field”. Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanafunzi wangu katika kituo ambacho sitakitaja. Nilimkuta akiandika majina ya wageni katika daftari la mapokezi. Alikuwa wiki ya sita. Nilipomuuliza amejifunza nini, alinijibu kwa adabu, “Dokta, nimejifunza kusubiri.” Msimamizi wake, mtu mwungwana, aliniambia bila kuficha: hana muda wa kumfundisha, halipwi kwa ajili hiyo, na kijana akiharibu kifaa atakatwa yeye. Sikuweza kumlaumu.

Baada ya kuhitimu, wengi huingia katika kile kinachoitwa “kujitolea”. Kijana hufanya kazi miezi sita, mwaka, miwili, akipewa nauli akibahatika. Hapa ndipo duara la historia linapofunga kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1970 mwajiri alimlipa mwanafunzi ili ajifunze. Leo mwanafunzi anamlipa mwajiri kwa jasho lake, baada ya kukilipa chuo ada, mara nyingi kwa mkopo atakaourejesha kwa miaka. Gharama ya mafunzo imeshushwa kutoka kwenye taasisi hadi kwenye mabega ya familia. Mtoto wa familia isiyoweza kumlisha mjini kwa miaka miwili bila mshahara huachana na taaluma, hata awe na kipaji gani. Hivyo basi, suala la ujuzi wa utangazaji ni suala la haki pia: linaamua sauti za nani zitasikika, na nani atakayeisimulia nchi hii.

Mitaala ifuate tasnia, lakini tasnia ipi?

Naunga mkono kuoanisha mitaala na mahitaji ya vituo. Mageuzi ya elimu ya juu chini ya mradi wa HEET, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 425, yamevitaka vyuo kuhuisha mitaala kwa kuwashirikisha waajiri, na hilo ni jambo jema. Elimu ya ufundi nayo imejengwa juu ya umahiri tangu zamani. Bagamoyo, TaSUBa inaendelea kuonyesha kwamba stashahada inayofundishwa kwa mikono haina sababu ya kuionea haya shahada.

Tahadhari yangu ni moja. Tukimwachia mwajiri peke yake aandike mtaala, ataandika mahitaji ya Jumatatu ijayo. Atataka mtu anayejua programu ya kuhariri inayotumika kituoni kwake sasa, na baada ya miaka mitano programu hiyo itakuwa imekwisha. Mhitimu aliyefundishwa kitufe pekee atazeeka pamoja na kitufe. Yule aliyefundishwa kwa nini picha hii hukaa kabla ya ile, sheria inasemaje kuhusu faragha ya mtoto, takwimu ya serikali husomwaje na huhojiwaje, huyo ataihama mitambo mitatu na bado awe na kazi. Mtangazaji anayejua mtambo bila kujua nchi yake ni hatari. Anayeijua nchi bila kujua mtambo hasikiki. Chuo kina wajibu wa kutoa vyote viwili.

Nani alipe?

Narudi kwenye swali la gharama, kwa sababu ndilo linalokwepwa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha mfumo wa ithibati, na kanuni za mwaka 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwanahabari. Sheria ilimuuliza mtu ana cheti gani. Haikumuuliza mmiliki wa kituo ana mpango gani wa kufundisha. Hata hivyo sheria hiyohiyo ilianzisha mfuko wa mafunzo ya wanahabari. Bodi ya Ithibati ilichukua miaka mingi kuundwa. Sasa ni wakati wa kudai mfuko huo uwe na fedha, uwe na hesabu zinazosomwa hadharani, na uwafikie pia mafundi, si wasomaji wa habari peke yao.

Pili, waajiri tayari wanalipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, maarufu kama SDL, ambayo kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Kituo chenye wafanyakazi kumi au zaidi kinachangia kila mwezi. Vituo vina haki ya kuuliza mchango wao umemfundisha mpiga picha gani. Serikali ingeweza kutumia sehemu ya fedha hizo kulipia uanagenzi wa mwaka mmoja ndani ya vituo, mwanagenzi akipata posho na msimamizi wake akilipwa kwa kufundisha. Daktari hahitimu na kuachiwa wodi. Hupitia mwaka wa utarajali hospitalini chini ya jicho la mwenye uzoefu. Kosa la mtangazaji haliui kwa haraka kama la daktari, lakini nchi iliyoona redio ikichochea mauaji kule Rwanda mwaka 1994, mpakani mwetu, haina ruhusa ya kusema kwamba haliui.

Tatu, vituo vilivyo ndani ya vyuo, kama Mlimani Redio na Mlimani TV za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na redio ya SAUT kule Mwanza, viwe hospitali za kufundishia za taaluma hii. Vipewe bajeti ya kudumu, na muda wa hewani wa mwanafunzi uhesabiwe kama mtihani unavyohesabiwa. Nne, muundo wa utumishi ufunguliwe ili fundi mahiri aajiriwe kufundisha kwa ustadi wake. Tano, mamlaka inayotoa leseni za utangazaji iuangalie mpango wa mafunzo wa kituo pale inapohuisha leseni. Masafa ni mali ya umma. Anayeyatumia kwa faida anaweza kuombwa kuacha fundi mmoja au wawili nyuma yake kila mwaka.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: mapendekezo haya hayadai wizara mpya wala mradi mpya. Yanadai sheria na tozo zilizopo zifanye kazi zilizoandikiwa. Kwa wanaharakati: mnapotetea uhuru wa habari, teteeni pia mshahara wa anayeianza kazi ya habari, maana asiyelipwa na kituo atalipwa na mwenye habari. Na kwa wanafunzi: msikubali kuambiwa kwamba ninyi ni kizazi kisichoweza. Waliowatangulia hawakuzaliwa wakijua kukata mkanda. Walifundishwa, wakilipwa, na watu waliokuwa na muda wa kuwafundisha. Mnachodai ninyi ni kile walichopewa wao.